Sykes wa Wapi? Uchambuzi wa kisa cha familia moja na jina lake la Kiingereza

Kabla ya kisa

Familia ya kisa hiki imeniruhusu kukieleza kwa sharti kwamba isitambulike. Jina la ukoo nimeliacha lilivyo, maana bila hilo hakuna kisa, na linabebwa na maelfu ya watu. Majina ya kwanza, kijiji, na miaka kamili ya watu binafsi nimeviondoa. "John" ninayemtaja hakuwa akiitwa hivyo. Nimeandika kwa ajili ya ndugu zetu, wa nyumbani na wa ughaibuni, wenye babu Mwingereza upande mmoja, ambao siku hizi wanatafuta asili yao mtandaoni na kupata majibu ya haraka kuliko inavyowezekana.

Usuli

Mteja wangu katika utafiti huu wa nasaba ni mwanaume wa makamo. Mama yake ni mtu wa Tanga. Baba yake, sasa marehemu, alikuwa mwalimu kutoka West Riding, upande wa magharibi wa Yorkshire kaskazini mwa Uingereza. Alikuja kufundisha, akaoa, akabaki. Mteja alikulia Dar es Salaam, na kila alipotaja jina lake, shuleni, benki, hata kwa fundi cherehani, aliulizwa swali lile lile: "Sykes wa wapi? Wa kina Kleist?"

Swali lina haki yake. Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929, na wanawe, Abdulwahid na Ally, walikuwemo katika kuasisi TANU mwaka 1954. Lakini jina hilo la Dar es Salaam lina njia yake. Baba yake Kleist ni Sykes Mbuwane, askari kutoka Inhambane, Msumbiji, aliyeletwa na jeshi la Wissmann wakati Wajerumani wanaivamia pwani yetu. Sykes lilikuwa jina lake mwenyewe. Kwa desturi yetu mtoto akabeba jina la baba, na likaganda kuwa la ukoo. Mteja alijua kwamba yeye si wa huko. Alichokosa ni cha kujibu baada ya kusema "hapana".

Nyumbani kulikuwa na jibu moja tu, nalo lilining'inia ukutani: fremu yenye ngao ya rangi na chini yake neno SYKES, ambayo baba yake aliinunua dukani akiwa likizo kwao. Marehemu alikuwa akisema kwamba wao wanatokana na akina Sykes wa Sledmere, mabwanyenye wenye jumba kubwa upande wa mashariki wa Yorkshire, waliopewa cheo cha kurithi cha ubaroneti mwaka 1783. Ndiko alikotoka Mark Sykes, yule aliyekaa na Mfaransa Picot mwaka 1916 wakagawana ardhi za Waarabu kwenye ramani.

Baada ya msiba, mpwa wake mteja alitengeneza mti wa ukoo kwenye tovuti ya nasaba. Ndani ya muda mfupi mti ulifika karne ya 16, na ulipita Sledmere. Familia ilifurahi mno. Mteja akaamua kuandika kijitabu kwa ajili ya watoto wake, akaniletea mti ule. "Dada, wewe hakiki tu, kazi imeshakwisha."

Jina lenyewe

Zamani Waingereza nao hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa kwa jina lake na kitambulisho: kazi yake, baba yake, umbo lake au mahali alipokaa. Kati ya karne ya 13 na ya 14, vitambulisho hivyo vilianza kurithiwa. Katika West Riding wengi walipewa majina ya mahali, tena mahali padogo sana: shamba, genge, uwazi uliofyekwa msituni. Huko ndiko asili ya Armitage, Sutcliffe na Barraclough.

Sykes ni la aina hiyo. Katika lahaja ya kaskazini, *syke* ni kijito chembamba kinachopita kwenye majani yenye unyevunyevu, mara nyingi kikiwa mpaka kati ya shamba na shamba. Katika hati za zama za kati utakuta mtu kaandikwa *del Sykes*, yaani wa kwenye vijito. Baadaye ile *del* ikadondoka. Nyaraka za eneo hilo ni hazina kwelikweli: hati za mahakama ya umwinyi wa Wakefield zinaanzia mwaka 1274, na orodha ya kodi ya kichwa ya 1379 inawataja watu wa West Riding kijiji kwa kijiji.

Vijito vya namna hiyo viko vingi kaskazini yote, kwa hiyo kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba jina lilizuka mara nyingi, kwa watu wasiohusiana. Mwaka 2000 mtaalamu wa jenetiki wa Oxford, Bryan Sykes, akishirikiana na Catherine Irven, alichapisha utafiti juu ya jina hilo hilo alilolibeba yeye. Walipima kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana, ya wanaume 48 wenye jina la Sykes. Wanaume 21, karibu nusu, walikuwa na alama zinazofanana. Ilielekea kwamba wengi wa akina Sykes wanatokana na mwanaume mmoja wa kale. Mteja alikuwa amesoma habari hiyo na kuielewa hivi: Sykes wote ni ndugu, sisi ni Sykes, basi Sledmere ni kwetu. Hakujiuliza juu ya wale 27 waliobaki.

Mambo yalivyokwenda

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuuweka mti wa mpwa kando na kuanza upya, kutoka kwa marehemu kurudi nyuma kizazi kimoja kimoja, kila hatua kwa hati. Mteja hakupenda, aliona napoteza wakati. Sababu yangu ilikuwa kwamba mti wa mtandaoni hukosea kwenye kiungo kimoja, na ukikosea hapo kila kilicho juu yake ni ukoo wa watu wengine. Ukianzia juu hutakiona kiungo hicho kamwe, maana kule juu mambo yameandikwa vizuri na watu wenye mali.

Vizazi vitatu vilikwenda bila shida. Uingereza na Wales zilianza usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837, na sensa zake za kila miaka kumi zina majina ya watu kuanzia 1841. Tukampata babu wa mteja, kisha baba wa babu, kisha babu wa babu, huyu John, mfanyakazi wa kiwanda cha sufu katika bonde la mto Colne, magharibi ya Huddersfield, aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1840.

Hapo ndipo pagumu. Bonde lile lilijaa akina Sykes kiasi kwamba wenyeji walitambuana kwa lakabu, fulani wa fulani wa fulani, kama tunavyofanya sisi kijiji kikiwa na Juma wanne. Katika eneo dogo tulipata akina John Sykes watatu wa umri mmoja. Mti wa mpwa ulikuwa umemchukua aliyebatizwa katika kanisa la Anglikana, mtoto wa mfanyabiashara wa nguo za sufu. Naelewa kwa nini: yeye ndiye pekee aliyeonekana kwenye faharasa ya ubatizo ya tovuti ile. Lakini bonde la Colne lilikuwa ngome ya Wamethodisti na Wabaptisti, na watoto wengi hawakupelekwa kwa Waanglikana.

Uamuzi wa pili ulikuwa kumfuatilia kila John mpaka afe. Watafiti wengi huruka hatua hii kwa sababu inachosha na haina utamu, wakati ndiyo inayookoa. Katika rejesta ya maziko ya kanisa lile lile, kwenye mojawapo ya zile fomu zilizopigwa chapa zilizoanza kutumika mwaka 1813, kulikuwa na safu tano: jina, makazi, tarehe ya kuzikwa, umri, na aliyeendesha maziko. Jina lilikuwa lake, na makazi ni yale yaliyotajwa kwenye ubatizo. Kwenye safu ya umri padri aliandika 3.

Mtoto yule hakufika kuoa wala kuzaa. Watu wengi sana mtandaoni, si mpwa peke yake, wanamhesabu kuwa babu yao.

Nilipompigia mteja, alinyamaza, kisha akauliza kama padri hakukosea. Nikamwambia turudi kwenye cheti cha ndoa cha John wetu, alichokuwa nacho yeye mwenyewe siku zote. Pale baba wa bwana harusi aliandikwa kuwa mfumaji. Baba wa mtoto yule alikuwa mfanyabiashara, tena jina lake la kwanza lilikuwa jingine kabisa. Mpwa aliziona tofauti hizo tangu mwanzo akazihesabu makosa ya karani.

Wa pili alihamia Lancashire na kubaki huko. Akabaki mmoja, naye kwenye faharasa ya ofisi kuu ya usajili alikuwa na alama ambayo mtafiti mzoefu huitazama mara mbili. Faharasa hiyo huonyesha jina la mama kabla ya kuolewa. Kwa John huyu palikuwa na kistari tu. Tukaagiza cheti. Safu ya baba ilikuwa tupu. Mama: binti Sykes, bila mume.

Sensa ya 30 Machi 1851 ikakamilisha picha. Ile ya 1841 haikuandika uhusiano wa watu ndani ya nyumba, hii iliandika. Kichwa cha nyumba ni mfumaji wa makamo. Chini yake mke, mabinti wawili wasioolewa wanaofanya kazi kiwandani, na mwisho kabisa mtoto wa kiume, "mjukuu". Jina la mfumaji yule ndilo lililoandikwa kwenye cheti cha ndoa cha John kuwa la baba yake. Siku ya harusi, mbele ya mchungaji, John alimtaja aliyemlea. Sensa ya 1861 inaonyesha mama ameolewa na mtu mwingine na kuhamia mji wa jirani. Kijana amebaki kwa babu.

Uamuzi mgumu: kupima au kutopima

Mpaka hapo nyaraka zilitosha kuonyesha kwamba jina la familia hii lilipitia kwa mwanamke. Mteja alitaka kuhakikisha kwa kipimo cha kromosomu Y. Nilimwambia asipime kabla ya kukubaliana na watu wake, maana majibu ni ya ndugu zake wote wa kiume, na wa watoto wao.

Akapiga simu Tanga. Mama yake hakuzunguka: "Mwanangu, baba yako yuko kaburini. Unataka kumvua jina?"

"Simvui, mama. Nauliza lilikotoka."

Kwa mama huyu, aliyekulia katika watu wanaohesabu nasaba kwa baba na kulichukulia suala la mtoto wa nje ya ndoa kwa uzito wake wote, haikuwa habari ya udadisi. Ilimgusa mume wake, na kupitia kwake watoto aliowazaa. Naona alikuwa na haki ya kuuliza alivyouliza. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuambiwa.

Shangazi yake mteja, dada wa marehemu, bado yu hai, mkongwe anayetunzwa katika nyumba ya wazee huko huko Yorkshire. Tulikwenda kumwomba idhini tukiwa na maneno tuliyoyapanga kwa tahadhari. Alitusikiliza, akasema alilijua siku nyingi. Babu yake mwenyewe, yaani mtoto wa John, alikuwa akisimulia kwamba baba yake alilelewa kwa babu, kwa sababu mama aliolewa mbali. Shangazi hakuwahi kulificha. Hakuna aliyemuuliza.

Majibu yalipotoka, mteja hakuwa katika kundi lile kubwa la akina Sykes. Waliofanana naye kwa karibu walikuwa wanaume ambao wengi wao wana jina jingine moja, nalo pia ni la mabonde yale yale.

Matokeo

Kabla mteja hajasafiri kwenda Tanga, mpwa alikuwa ameshayatuma majibu kwenye kundi la WhatsApp la familia, na maneno "kumbe sisi si Sykes!" Mama aliyasikia kwa binti yake wa pili. Kwa muda hakupokea simu za mwanawe.

Mteja alikwenda hivyo hivyo, na vyeti mkononi. Alimsomea mama yake sensa ile mstari kwa mstari. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sote hatukulipa uzito: "Na huyo binti, alikuja kustirika?" Akaambiwa aliolewa, akazaa wengine, akafa mtu mzima. "Alhamdulillahi. Basi mwanzeni yeye."

Kijitabu kimeandikwa hivyo. Kinaanza na binti wa kiwandani na baba yake mfumaji, kisha kinarudi nyuma kwa mfumaji huyo mpaka mwisho wa karne ya 18, palipo na hati. Sledmere imetajwa katika aya moja, kama jambo ambalo marehemu aliliamini. Ngao bado iko ukutani kwa sababu baba aliipenda, lakini haimo kitabuni.

Kilichosaidia na kilichokwamisha

Kilichosaidia kuliko vyote ni lile zoezi la kuwafuatilia akina John wote watatu. Vinasaba visingetuonyesha hilo. Ukichukua kipimo peke yake, kutofanana na kundi kubwa hakuthibitishi kitu, maana hata katika utafiti wa mwaka 2000 zaidi ya nusu hawakufanana. Huenda jina lako lilizuka kwenye kijito kingine, huenda kuna mtoto aliyelelewa na jirani karne ya 17. Kipimo kilipata maana kwa sababu tayari tulikuwa na cheti chenye safu tupu na mtoto aliyeandikwa mjukuu. Nyaraka ziliuliza, damu ikajibu. Familia inayoanza na kipimo hubaki na jibu lisilo na swali, na hapo ndipo maneno kama "si Sykes" huzaliwa.

Na maneno hayo ni makosa ya hoja, mbali na kuwa makosa ya adabu. Mtoto wa mama asiyeolewa aliandikwa kwa jina la mama yake kwa mujibu wa taratibu za nchi ile. John alikuwa Sykes kwa haki kamili, kwa damu ya mama na kwa malezi ya babu. Damu ya wale wa kwenye vijito anayo mteja, ila haikupita kwenye kromosomu Y. Kipimo kile kinafuata mstari mmoja tu, wa baba wa baba wa baba, na kinawapita kimya wazee wengine wote.

Ngao ya dukani inastahili neno. Nchini Uingereza ngao hupewa mtu, na hurithiwa na kizazi chake halali. Haipewi jina. Chombo kinachosimamia jambo hilo ni College of Arms ya London, kilichoanzishwa mwaka 1484. Duka linalokuuzia "ngao ya ukoo wa fulani" limechukua ya mtu mmoja aliyekuwa na jina hilo na kukuchapia. Familia hii iliishi chini ya fremu ile miaka mingi, na fremu ndiyo iliyoelekeza utafiti wa mpwa: alikuwa akitafuta njia ya kufika Sledmere, na mtu anayejua anakokwenda haoni kaburi la mtoto njiani.

Kilichokwamisha zaidi ni mpangilio wa watu. Shangazi alipaswa kuulizwa kabla ya hati yoyote kuagizwa. Alikuwa mtu wa mwisho kumjua aliyemjua John. Ahadi aliyopewa mama ilipaswa kulindwa kwa kitu kizito kuliko kuaminiana. Majibu yangefunguliwa kwenye akaunti ya mteja peke yake, na mpwa asipewe nywila mpaka mama aambiwe. Mpwa si mtu mbaya. Alikuwa na furaha ya mvumbuzi, na hakuna aliyekaa naye kumweleza kwamba habari ile ina mwenyewe.

Jambo moja limebaki wazi, nalo ni baba yake John. Kuanzia mwaka 1844 sheria ilimruhusu mama asiyeolewa kwenda mwenyewe kwa mahakimu wa eneo kumdai baba wa mtoto matunzo. Kumbukumbu za vikao hivyo zimesalia kwa mapengo mapengo, na kwa eneo hili bado hatujamkuta binti yetu ndani yake. Lile jina jingine lililotokea kwenye kipimo mteja amekataa kuliingiza kitabuni. Anasema atalingoja shahidi wa pili, na nakubaliana naye.